Maji kwenye shoku ya sepsisi: mwongozo kamili wa kitandani kwa wenzetu wa ICU Moshi na Arusha

Wadau, shoku ya sepsisi ni pale maambukizi makali yameshusha presha mpaka damu haifiki vizuri mwilini. Hii ni kwa intani, manesi na madaktari wa zamu, hasa zamu za usiku pale ambapo bosi yuko nyumbani na mgonjwa ndo kashuka presha saa nane. Ni kwa watu wazima tu, watoto wana utaratibu wao na nitawagusa kidogo huko chini. Mkitoka na kitu kimoja nataka kiwe hiki: maji ya dripu ni dawa, yana dozi, yana madhara, na ukishatoa kipande unarudi kitandani kuangalia kimefanya nini kabla hujatundika chupa nyingine. Mimi naamini wagonjwa wengi tunaowapoteza siku ya pili na ya tatu hawafi kwa kukosa maji, wanakufa wamevimba, mapafu yamelowa, na ventileta zote zina watu.

Tumchukue mgonjwa wa mfano ili hesabu ziwe wazi. Mama wa miaka 45 katoka Rombo, kilo 60, homa siku nne na maumivu ya kiunoni, mkojo unachoma, leo kaanza kuchanganyikiwa. Presha 78/40, mapigo 128, anapumua mara 28 kwa dakika, vidole vya baridi, mkojo ni kidogo sana na mweusi kama chai.

Kabla hujagusa dripu

Piga hesabu ya presha ya wastani, ile tunayoita MAP: chukua ya chini mara mbili, jumlisha na ya juu, gawa kwa tatu. Kwa huyu mama ni 40 mara 2 ni 80, jumlisha 78 inakuwa 158, gawa kwa 3 unapata kama 53. Tunataka 65. Monita nyingi zinakuandikia yenyewe lakini jifunze kuipiga kichwani kwa sababu ukiwa wodini na mashine ya mkono hamna wa kukuandikia.

Afu mshike. Kidole cha shahada, bonyeza ncha mpaka rangi ipotee, shikilia sekunde 10, achia, hesabu. Rangi ikirudi baada ya sekunde 3 au zaidi, damu haifiki vizuri huko mwisho. Kwa ngozi zetu angalia kwenye kucha na kiganja, usiangalie mgongo wa mkono. Na mwezi wa sita na wa saba Arusha kuna baridi kweli, mkono wa mgonjwa aliyetoka kwenye machela nje utakudanganya, ufunike kwanza upate joto ndo upime. Angalia na magoti, ukiona mabaka mabaka ya rangi ya zambarau ujue hali ni mbaya hata kama presha inaonekana kutosha.

Sukari ya damu pima hapo hapo, haichukui dakika. Malaria pima. Hemoglobini pima. Lakteti (asidi inayopanda kwenye damu pale mwili haupati damu ya kutosha) kama mashine ipo, kama haipo usikae unalalamika, kidole chako kinafanya kazi. Kuna utafiti wa mwaka 2019 unaitwa ANDROMEDA-SHOCK, wagonjwa 424, nusu walifuatwa kwa lakteti na nusu kwa kubonyeza kidole, na wale wa kidole waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 34.9 dhidi ya 43.4 ya wenzao, tofauti ambayo kitakwimu haikufika kiwango lakini inatosha kutuonyesha kwamba kidole si kipimo cha masikini, na juu ya hapo walipewa maji kidogo zaidi.

Kanula mbili kubwa. Ya kijani ndo ya chini kabisa kwa mtu mzima aliye kwenye shoku, ukipata ya kijivu bora zaidi. Hiyo ya pinki maji yanapita taratibu, utakuta umeandika nusu lita kwa dakika 20 kwenye faili halafu baada ya saa nzima chupa bado iko nusu.

Antibiotiki ndani ya saa moja. Hii naiweka hapa juu kwa makusudi, maana maji hayaui bakteria, yanakununulia muda tu. Chukua damu ya kalcha (ya kuotesha bakteria) kwanza kama chupa zipo na haikucheleweshi, kama hazipo choma dawa. Na kama kuna usaha, mimba iliyoharibika na kubaki mabaki, utumbo uliotoboka kwa taifodi, figo iliyoziba kwa jiwe, mpigie daktari wa upasuaji sasa hivi, usisubiri presha ipande ndo umwambie, kwa sababu bila kuondoa chanzo haitapanda.

Maji gani

RL ndo chaguo langu la kwanza, yaani Ringa lakteti. Nomo selaini ina kloridi milimoli 154 kwa lita, damu yetu ina kama 100, ukimwaga lita tatu nne unamfanya mgonjwa awe na asidi zaidi kwenye damu na figo hazipendi. RL ina kama 110 hivi. Watu wanaogopa kwamba RL ina lakteti itapandisha lakteti ya mgonjwa, hapana, ile ini inaibadilisha, na potasiamu yake ni 4 au 5 tu kwa lita, haiwezi kumuua mtu wa figo kwa hiyo nusu lita yako. Kama RL imeisha stoo, tumia selaini, usicheleweshe mtu kwa ajili ya kutafuta RL. Tahadhari mbili: usipitishe RL na damu kwenye mpira mmoja, na usichanganye na seftriaksoni, ile kalsiamu inatengeneza chengachenga. Suuza mpira kwanza, au tumia kanula ya pili.

Dekstrosi 5% sio maji ya kufufua presha, inatoka kwenye mishipa mara moja, itumie kwa sukari iliyoshuka na kuchanganyia dawa. Zile za wanga wa kutengenezwa, hata ukizikuta kabatini ziache, zinaharibu figo na zinaongeza vifo. Albumini ni ghali na kwetu haipatikani kirahisi, ila mgonjwa aliyekwisha kupata RL nyingi na bado anahitaji, ikipatikana ina nafasi yake.

Kiasi gani, na kwa mwendo gani

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi, Surviving Sepsis Campaign, wa 2021 unapendekeza angalau ml 30 kwa kilo ndani ya masaa 3 ya kwanza. Kwa mama yetu ni 30 mara 60, ml 1800. Lakini msome vizuri, 2016 walisema kwa nguvu, 2021 wameshusha ikawa pendekezo dhaifu. Kwa hiyo hiyo 1800 usiichukulie kama deni ambalo lazima ulilipe, ichukulie kama mahali ambapo wagonjwa wengi wanafikia.

Mi naitoa hivi: ml 500 kwa dakika 15 mpaka 30, narudi, naangalia. Nikiona imesaidia na mapafu ni safi, 500 nyingine. Baada ya lita moja napunguza vipande viwe 250. Kwa mtu ambaye nina wasiwasi na moyo wake, figo au hemoglobini yake, naanza na 250 toka mwanzo. Fungua dripu yote na kamua chupa kwa mkono au kwa mfuko wa presha kama upo, na ukae pale. Kama huwezi kukaa, muachie nesi maelekezo yanayosema ni saa ngapi aangalie, aangalie nini, na lini asimamishe. Maelekezo ya "RL lita 3 kwa masaa 24" kwa mgonjwa wa shoku hayana maana yoyote, ni kidogo sana kwa saa ya kwanza na ni mengi sana kwa saa ya ishirini.

Kila ukirudi kitandani angalia: MAP, mapigo, kidole, kupumua, oksijeni, akili imerudi kiasi gani, mkojo kwenye mfuko (weka kateta mapema, tunataka nusu ml kwa kilo kwa saa, kwa huyu mama ni ml 30 kwa saa), halafu sikiliza chini ya mapafu nyuma, pande zote mbili. Mfanye ageuke au ainuke, usisikilize mbele tu kwa sababu maji yanaanzia chini na nyuma.

Kwa nini nasisitiza vipande

Wale waliosoma zamani wanakumbuka habari ya 2001, utafiti wa Rivers kule Detroit, wagonjwa walimwagiwa maji mengi mapema kwa malengo maalum na vifo vikashuka, dunia nzima ikafuata. Baadaye 2014 na 2015 zikaja tafiti tatu kubwa, ProCESS, ARISE na ProMISe, hazikuona faida ya ule utaratibu kuliko huduma ya kawaida nzuri. Lakini zinazotuhusu sisi zaidi ni hizi za kwetu Afrika.

FEAST, 2011, watoto 3141 Kenya, Uganda na hapa Tanzania kule Muheza. Watoto wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri. Waliopewa bolasi (maji ya haraka kwa mkupuo) ya albumini walikufa asilimia 10.6 ndani ya masaa 48, bolasi ya selaini 10.5, na wale ambao hawakupewa bolasi kabisa 7.3. Hamna aliyetegemea. Ndo maana nikasema watoto wana utaratibu wao, usichukue namba za makala hii ukaenda nazo wodi ya watoto.

Halafu Zambia, ripoti ilitoka 2017, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu wote wana VVU. Waliopewa maji kwa utaratibu mkali walipata kama lita 3.5 ndani ya masaa 6, wenzao kama lita 2. Vifo hospitalini, 48.1% kwa waliopewa mengi, 33.0% kwa wenzao. Tofauti ya lita moja na nusu tu. Hao ndo wanaofanana na tunaowapokea, wana anemia, TB, lishe duni, wamechelewa kufika, na ventileta si ya kila mtu. Kwenye nchi zenye kila kitu, CLASSIC ya 2022 na CLOVERS ya 2023 zilikuta kutoa kidogo au kingi vifo ni karibu sawa, na hiyo kwangu ni hoja ya kutoa kidogo, kwa sababu wao mgonjwa akijaa maji mapafuni wanamwekea mashine, sisi tunaanza kupiga simu kutafuta kitanda.

Kinachotokea mwilini ni kwamba mishipa imetanuka na kuta zake zinavuja. Ni kama mfereji wa kule Machame ambao kingo zimetoboka, ukifungulia maji zaidi kule juu shamba la mwisho bado ni kavu ila migomba ya njiani inaoza. Baada ya saa moja sehemu ndogo tu ya RL uliyotoa ndo bado iko ndani ya mishipa, iliyobaki iko kwenye miguu, mapafu na utumbo.

Atafaidika na maji zaidi au la?

Baada ya lita ya kwanza hili ndo swali lenyewe, na jibu lisiwe kubahatisha. Inua miguu. Mgonjwa aanze amekaa nusu, kitanda kimeinuliwa nyuzi 45, pima. Kisha shusha kichwa na kiwiliwili kiwe bapa na miguu iinuke nyuzi 45 kwa kutumia kitanda chenyewe, usimvute kwa mikono ukamuumiza maana maumivu yatapandisha presha ikakudanganya. Damu ya miguuni kama ml 300 inarudi kwenye moyo. Pima ndani ya dakika moja, kisha mrudishe alivyokuwa. Kama una ultrasaundi na unajua kupima damu inayotoka kwenye moyo, ongezeko la asilimia 10 mpaka 15 maana yake atafaidika. Kama huna, angalia tofauti kati ya presha ya juu na ya chini, ikipanuka kwa zaidi ya asilimia 10 hivi ni dalili nzuri, sio ya uhakika sana lakini ni bora kuliko kubahatisha. Uzuri wake ni kwamba hujampa hata tone moja. Usitumie kwa aliyekatwa mguu, mwenye tumbo lililojaa na kukakamaa, mjamzito mkubwa, au mwenye jeraha la kichwa.

Na hata kama moyo utaitikia maji, sio lazima umpe. Kidole kimerudi chini ya sekunde 3, anaongea vizuri, mkojo unatoka? Muache.

Simamisha mara moja ukiona kupumua kumeongezeka, oksijeni inashuka, umeanza kusikia sauti za maji chini ya mapafu ambazo hazikuwepo, mishipa ya shingo imejaa, ini limevimba. Simamisha pia kama vipande viwili vimepita na hamna kilichobadilika kabisa, hapo tatizo sio maji.

Dawa ya presha ianze mapema

Hapa ndo tunapochelewa sana. Mama yetu kapata lita moja, presha 88/42, MAP 57, kidole bado sekunde 5. Wengi watatundika lita ya pili na ya tatu kwa sababu noradrenalini, dawa inayokaza mishipa na kupandisha presha, "ni ya wenye laini kubwa ya shingoni". Hapana. Anza kwenye mshipa wa kawaida, mkubwa, kwenye kiwiko au juu yake, usiweke kwenye kiganja wala kifundo. Mkono huo usifungwe mashine ya presha, na usisukume bolasi kwenye mpira huo maana utamsukumia dawa yote kwa mkupuo. Nesi aangalie hapo kila saa, ngozi ikiwa nyeupe, ya baridi au ikivimba, hamisha. Laini kubwa itawekwa baadaye kwa utulivu. Mi presha ya chini, ile namba ya pili, ikiwa chini ya 50 huku mapigo yanakimbia huwa sisubiri hata ml 1800 iishe, naanza dawa huku maji yanaendelea.

Hesabu: mg 4 za noradrenalini ndani ya ml 250 za dekstrosi 5% zinakupa mikrogramu 16 kwa ml. Mama wa kilo 60 kwa 0.1 kwa kilo kwa dakika ni mikrogramu 6 kwa dakika, 360 kwa saa, gawa kwa 16 ni ml 22.5 kwa saa. Huna pampu? Soluseti ya matone 60 kwa ml, idadi ya ml kwa saa ndo idadi ya matone kwa dakika, kwa hiyo matone 22 au 23. Anza na nusu ya hapo, panda kila dakika 5 mpaka 10 mpaka MAP ifike 65. Soma lebo ya ampuli vizuri, nyingine zimeandikwa uzito wa chumvi yake, nyingine uzito wa dawa yenyewe, na tofauti ni mara mbili.

Kama noradrenalini haipo, adrenalini mg 4 kwenye ml 250 hesabu ni ile ile. Ila adrenalini inapandisha lakteti yenyewe, kwa hiyo usimuongezee maji eti lakteti imepanda, fuata kidole na mkojo. Dopamini mapigo yanakimbia na moyo unapoteza mpangilio, iwe ya mwisho.

Ukifika mikrogramu 0.25 za noradrenalini kwa kilo kwa dakika na masaa manne yamepita bado hujashusha, ongeza haidrokotisoni mg 50 kila masaa 6. Na mahali hapo ule mfuko wa 250 unaenda ml 56 kwa saa, yaani zaidi ya lita 1.3 kwa siku kwa ajili ya dawa ya presha peke yake! Badilisha, weka mg 4 kwenye sindano ya ml 50 kwa pampu, dozi ile ile inakuwa ml 11 kwa saa.

Wale wa kuwaangalia kwa jicho la pekee

Aliyejifungua karibuni anayepumua kwa shida: anaweza kuwa na sepsisi ya uzazi na moyo uliochoka kwa wakati mmoja, weka ultrasaundi kwenye moyo kabla ya lita ya kwanza kuisha, na kama alikuwa na kifafa cha mimba mapafu yake yanajaa haraka sana.

Malaria kali kwa mtu mzima: usimpe bolasi za haraka, figo na mapafu yake hayafuati sheria hii, mpe atesuneti na maji ya taratibu kwa kuangalia, isipokuwa presha imeshuka kweli. Hemoglobini 4? Damu ndo maji yake, RL inazidi kuizimua ile kidogo aliyonayo.

Wapagazi na wageni wanaoshushwa kutoka Kilimanjaro wana homa kidogo, wanakohoa, oksijeni 70: hao mara nyingi ni mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya mwinuko. Oksijeni na kushuka ndo tiba, ukimwaga RL ukidhani ni nimonia utamzamisha.

Anayesafishwa figo usimnyime maji kabisa, yuko kwenye shoku kama wengine, mpe vipande vya 250 na uangalie mara nyingi zaidi, maana hana njia ya kuyatoa.

Na aliyepewa rufaa, sijui katoka Same au Karatu, uliza kapewa lita ngapi huko na kwenye gari. Lita mbili za njiani zinahesabiwa kwenye ile 1800, zimeshaimaliza na kuipita. Wewe unayetuma mgonjwa, andika kwenye karatasi ya rufaa kiasi na saa, sio "IV fluids given".

Maji yanayojificha

Siku ya pili hesabu hivi: metronidazoli ml 100 mara tatu, parasetamoli ya mshipani 100 mara nne, meropenemu kwenye 100 mara tatu, hiyo tayari ni lita moja hujatundika dripu yoyote. Ongeza suuza za kanula na ile noradrenalini. Halafu mtu anaandika na RL ya kudumisha juu yake! Punguza ujazo wa kuchanganyia, parasetamoli ipite kwenye mpira wa pua kama tumbo linafanya kazi, futa dripu ya kudumisha.

Ndugu watakuuliza, na wana haki. Dripu kwao ni nguvu, chupa ikitolewa wanadhani umekata tamaa. Bibi akikuambia "Mwanangu dokta, mbona maji yameisha hamjamuwekea mengine, si atazidi kuishiwa?", msogelee, muamkie, mwambie "Bibi, aliyopata yametosha, sasa hivi yakizidi yanaingia kwenye mapafu atashindwa kupumua, hii dawa ya kwenye sindano ndo inashika presha". Dakika mbili tu hizo, na hawatamuomba nesi wa zamu ya usiku awawekee nyingine.

Kuyatoa

Dawa ya presha inashuka, kidole kizuri, akili imerudi, kawaida ni siku ya pili au ya tatu: sasa maji yaanze kutoka. Mpime uzito kama kitanda kinapima, jumlisha yaliyoingia na kutoka toka siku ya kwanza, sio ya leo tu. Akiwa amezidi lita nne tano na hajaanza kukojoa vizuri mwenyewe, furosemidi mg 20 mpaka 40 mshipani, angalia mkojo ndani ya masaa mawili, presha ikishuka simama. Potasiamu pima kila siku akiwa kwenye furosemidi. Akianza kunywa uji na mtori mwenyewe toa dripu kabisa, acha kanula moja iliyofungwa kwa ajili ya antibiotiki, na huo uji nao uandikwe kwenye karatasi ya kuingia na kutoka.